Fundi Aliyeushuku Mshale

Kitu cha kwanza alichokigusa kwenye gari la mtu hakikuwa spana. Ulikuwa mpira wa juu wa rejeta, na aliugusa kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja. Alisema kiganja cha fundi kimeungua mara nyingi mno hadi hakina tena habari za kuaminika. Basi angeuweka mgongo wa mkono pale, afumbe macho, ahesabu huku midomo ikicheza, halafu ashuke kwenye mpira wa chini na kuhesabu upya. Wewe umesimama hapo na hofu yako, mshale wa joto umelalia alama nyekundu, na yeye hata hajautazama.

"Mshale ni mtu wa kuambiwa," alikuwa akisema. "Ameambiwa na waya. Waya ameambiwa na sensa. Sasa mimi niamini maneno imepitia watu watatu?"

Tulimwita Fundi, basi. Kedowa, kituo chetu kidogo cha barabarani, ilikuwa na mafundi wengine, wa pikipiki, wa magurudumu, wa kuchomelea mageti, na kila mmoja alikuwa na jina lake. Lakini ukisema "Fundi" tu, watu walijua unamsema yule wa nyuma ya kibanda cha chai, mwenye gereji ya mabati pande tatu. Upande wa nne ulikuwa wa mvua.

Nimemjua kwa miaka mingi, na mingi kati ya hiyo nilimshuku. Niseme mapema kwamba mimi pia ni mtu wa kushuku. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa Chepseon, na kazi ile ya kuhesabu chaki na kusikiliza sababu za waliochelewa ilinifunza kwamba kila anayeongea ana kitu anachokificha. Pengine ndiyo maana tulielewana haraka mwanzoni. Nilipoanza kumpelekea gari langu na basi la shule, tulikuwa tukiongea kama polisi wawili waliokutana nje ya kazi.

Alikuwa na tabia ya kuuliza swali moja mara mbili. "Gari imechemka ikiwa wapi?" angeuliza, na dereva angejibu, tuseme, hapo chini Chepseon. Fundi angetikisa kichwa, aende kunawa mikono, arudi akipangusa kila kidole kwa kitambaa, kisha aulize kama mtu aliyesahau: "Ulisema imechemka ikiwa wapi?" Jibu la pili likifanana na la kwanza, alifungua boneti. Likitofautiana, alimwambia mtu aende kunywa chai kwanza, akikumbuka vizuri arudi. Siku moja nilimuuliza kwa nini anasumbua watu hivyo.

"Ya kwanza mtu anajitetea," alisema. "Ya pili ndiyo anaongea juu ya gari."

Waliomchukia walisema ana kiburi. Madereva wa malori ya majani chai, ambao daima wana haraka na daima wanapigiwa simu, walikasirika kuulizwa maswali kama washukiwa. Lakini walirudi kwake, kwa sababu mafundi wengi wa barabara ile walikuwa na dawa moja kwa kila gari linalochemka: kutoa thamostati, ile vali inayoyaachia maji yapite yakishapata joto, na kuitupa, kisha kuunganisha feni izunguke moja kwa moja tangu unapowasha gari mpaka unapozima. Gari linarudi barabarani, mwenyewe anafurahi, na hakuna aliyejua ugonjwa ulikuwa nini. Fundi alikuwa akiokota thamostati hizo zilizotupwa, akazifunga kwa waya na kuzitundika ukutani. Zilikuwa nyingi. Aliziita mashahidi.

Kitu kingine alichokichukia ni desturi yetu ya msimu wa baridi. Mwezi wa saba, Londiani ninakoishi, sukuma wiki huamka imepauka kwa barafu na gari hukataa kupata joto. Basi wengi wetu huchomeka gunia au katoni mbele ya rejeta asubuhi ili upepo usiipige, na jua likitoka tunaitoa. Fundi alikuwa akilalamika juu ya jambo hili kila mwaka.

"Mnavalisha gari sweta," alisema, "halafu mnasahau kuivua."

Nilimjibu kwamba mimi sisahau. Nilikuwa na katoni yangu ya chaki, ngumu, niliyoikata ikaenea sawasawa, na kila siku kengele ya mapumziko ikilia nilitoka ofisini kuichomoa.

Siku moja alipata kesi iliyomfanya asemwe hadi Kericho mjini. Mtu mmoja alikuja na gari kutoka Kisumu, ambako, aliapa, halijawahi kuchemka hata siku moja. Akipanda tu huku kwetu, maji yanatokota na kumwagika, ilhali mshale umetulia chini ya alama nyekundu kama hakuna kinachotendeka. Mafundi wawili wa mjini walikwisha kumwambia kwamba mshale umekufa. Walibadilisha sensa, kisha geji yenyewe, na gari likaendelea kuchemka vilevile.

Fundi aliichomoa sensa, akaazima sufuria ya mama wa kibanda cha chai, akateka maji na kuyaweka jikoni. Mama yule alilalamika kwamba chai yake itanuka grisi. Fundi akaitumbukiza sensa humo ikining'inia kwa waya, na kando yake akatumbukiza kile kipimajoto kirefu cha kioo ambacho watu wa maziwa hutumia. Maji yalipochemka akatuita tusome. Kipimajoto hakikufika mia. Kilikwama tisini na kitu, maji yakitokota mbele ya macho yetu.

"Hiyo nayo imekufa," alisema mwenye gari.

"Haijakufa," Fundi akamwambia. "Uliza huyu mama maharagwe yake yanaiva saa ngapi. Huku juu maji yanachemka kabla ijapata moto ya kutosha. Mshale yako imesema ukweli. Na gari pia inachemka kweli. Wote wako sawa."

Kisha akakifungua kifuniko cha rejeta na kutuonyesha mpira wake uliokauka ukapasuka. Kifuniko kikiwa kizima, alieleza, hukandamiza maji yasichemke mapema. Kikiwa kibovu, Kisumu utapona, Kedowa hutapona. Alikibadilisha kile kifuniko tu, na yule mtu akaenda zake. Hata mimi niliyeshuku kila kitu nilikunywa chai yangu siku hiyo nikiwa nimeridhika.

Lakini alikuwa mtu wa kujipinga. Aliyeshuku kila geji nchini alikuwa akiendesha pikapu ambayo mishale yake yote ilikuwa imekufa, wa mafuta, wa joto, wa mwendo. Aliyemuuliza kila dereva mara mbili aliacha kisanduku chake cha spana wazi akaenda kanisani kuimba besi kutwa nzima ya Jumapili. Alibeba mwavuli siku za jua kwa sababu hakuamini anga, kisha akamwazima mtu wa kwanza aliyeuomba.

Na lililonishangaza zaidi ni hili: pamoja na kujua kwamba watu wanamdanganya, hakumwumbua mtu hata mara moja. Akigundua kwamba dereva alisahau kuweka maji, au aliweka maji ya matope ya mtaroni, alimwambia, "Kuja nyuma ya gari kidogo." Huko nyuma wangenong'ona, na dereva angerudi akiwa ameinamisha kichwa, na sisi tuliokaa kwenye benchi la chai tusijue kosa lilikuwa la nani. Mama wa kibanda, ambaye angependa sana kujua, alinung'unika kwamba nyuma ya magari ndiko siri za Kedowa zinakozikwa.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Ilikuwa mwezi wa saba, na asubuhi hiyo wakaguzi walifika shuleni kabla ya kengele ya kwanza. Nilishuka garini mbio na sikutoka ofisini mpaka saa saba. Mchana nilikuwa nampeleka mwenyekiti wa bodi ya shule na walimu wawili kwenye mkutano Londiani. Tulipoanza kupanda kutoka Chepseon mshale ukainuka. Nikawaambia wenzangu kwamba ni mambo ya umeme tu, magari ya siku hizi yamejaa waya. Mshale ukafika kwenye alama nyekundu. Nikasema sensa imeharibika, Fundi ataitazama. Tulifika Kedowa mvuke ukitoka pande zote za boneti, na walimu wale wawili wakaruka nje kabla sijasimama vizuri.

Nilikuwa nimeaibika mbele ya mwenyekiti, na mimi nikiaibika hukasirika. Nilienda moja kwa moja kwenye benchi la chai nikaanza kuwaambia watu kwamba Fundi ndiye aliyelishika gari hili mwisho. Nyuma yangu nilimwona akiliinamia. Aligusa mpira. Alingoja. Alichomoa waya wa sensa, akaurudisha, akauchomoa tena. Kisha alizunguka mbele, akachungulia, na akakaa ameinama kwa muda mrefu. Alipotujia, uso wake haukuwa na habari yoyote.

"Mwalimu," alisema. "Kuja nyuma ya gari kidogo."

Mwenyekiti aliniangalia. Nilijua anawaza nini, kwamba fundi anayekuita kando anataka mpange jambo.

"Sema hapa hapa," nikamwambia. "Mimi sina siri na mtu."

"Kuja tu, dakika moja."

"Nimesema useme hapa!"

Alinitazama, akamtazama mwenyekiti, akawatazama wale walimu wawili waliokuwa wakikausha viatu walivyovilowesha dimbwini waliporuka. Kisha akasema, "Si jambo kubwa. Hewa ilikuwa haipiti. Nimetoa."

"Umetoa nini?"

"Nimetoa ile kitu ilikuwa inaziba. Ngojeni ipoe, niongeze maji, muende. Leo hakuna malipo."

Hakuna malipo. Muulize mwalimu mkuu yeyote maneno hayo yanamaanisha nini. Tangu lini fundi akafanya kazi bure? Njia nzima ya kwenda Londiani nilikuwa nikijiuliza ni kitu gani alichokitoa kwenye gari langu hata akaona aibu kudai chake. Mshale ulikuwa umetulia na gari lilipanda bila shida yoyote, na hilo pia nililishuku.

Wiki hiyo nililipeleka gari mjini, kwa fundi kijana mwenye mashine ya kompyuta. Aliichomeka chini ya usukani, ikawaza kidogo, ikaandika kwamba sensa ya joto ina kasoro. Ndipo nikaamini nimempata mwizi. Nilijiambia Fundi alinitolea sensa nzima akaniwekea ya kuokota, na mwenyewe alikiri mbele ya mashahidi kwamba ametoa kitu. Kijana yule aliweka sensa mpya, gari halikuchemka tena, na nani angenibishia?

Nililisema jambo hilo kwenye mkutano wa bodi. Nililisema tena kwenye mkutano wa wazazi, nikiwa nimesimama, kwa ile sauti niliyoitumia gwarideni. Basi la shule likaondolewa kwa Fundi likapelekwa mjini. Gari la parokia likafuata, kwa kuwa mwenyekiti wetu alikuwa mzee wa kanisa. Kisha ikawa mzaha wa barabarani. Madereva wa majani chai waliosimama kwake kuongeza maji walimpigia kelele, "Fundi, ongeza tu, usitoe kitu!" na kucheka. Wengi waliacha kusimama kabisa. Kila nilipopita niliona bati moja limepungua kwenye gereji yake, na rafiki zangu wakaniambia nimefanya vizuri kumfichua.

Yeye hakuja kujitetea. Kwa mtu kama mimi huo ulikuwa ushahidi wa mwisho.

Sikusimama tena Kedowa kwa miaka tisa. Nilistaafu. Mwenyekiti alihamia kwa mwanawe Nakuru. Mwaka huu, mwezi wa nane, nilikuwa nikitoka Chepseon peke yangu, ukungu umeshuka, taa nimeziwasha, na mshale ukaanza kupanda. Nilijaribu kuufuatilia kwa macho kama mtu anayemfuatilia mwanafunzi anayeiba kwenye mtihani. Ukafika kwenye alama nyekundu karibu na kile kibanda cha chai, na hapakuwa na fundi mwingine aliyekuwa wazi.

Gereji ilikuwa imebaki ubavu mmoja wa mabati. Mashahidi, zile thamostati zake, walikuwa bado ukutani, wameliwa na kutu. Fundi alitoka taratibu, goti moja likikataa kukunjuka, kichwa cheupe.

"Chamgei, Mwalimu."

"Chamgei, Fundi. Gari inachemka."

"Imechemka ikiwa wapi?"

Nilimwambia. Akaenda, akanawa, akarudi akipangusa vidole. "Ulisema ikiwa wapi?" Nikamwambia tena. Akafungua boneti na kuuweka mgongo wa mkono wake, uliojaa madoa ya uzee, juu ya mpira. Akahesabu.

"Hii haina moto," alisema. "Zima taa."

Nikazima. Mshale ukashuka wenyewe.

"Washa."

Ukapanda.

"Sasa hiyo ni moto gani inawashwa na swichi?" Alikuwa karibu kutabasamu. "Ni waya ya ardhi, ile inarudisha umeme kwa bodi, imelegea. Taa na mshale wanagombania. Iko hapa chini."

Alivuta kipande cha katoni kilichokuwa kimeegemezwa ukutani, akakitandika chini na kukipigia magoti. Kilikuwa kimeloa mafuta mpaka kikawa cheusi, na katikati magoti yalikuwa yamechimba mashimo mawili. Nilikuwa nimesimama kando ya Fundi, sina la kufanya. Ndipo nikaona maandishi pembeni, kwa kalamu nene, herufi kubwa zilizonyooka jinsi nilivyowalazimisha watoto waandike kwa miaka yote ile. MALI YA OFISI. USIGUSE.

Ulikuwa mwandiko wangu.

Nilikumbuka wakaguzi, mbio zile, kengele ya mapumziko ambayo sikuisikia. Nilikumbuka kwamba kesho yake nilipoikosa katoni nilidhani imeanguka njiani, nikakata nyingine bila kuwaza mara mbili.

"Fundi," nikasema. "Hii katoni uliitoa wapi?"

Hakuinua kichwa. "Mbele ya rejeta yako."

"Ndiyo ulichokitoa?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Na sensa? Mashine ilisema sensa ni mbovu."

"Nilichomoa waya nikiipima, mara mbili. Ukichomoa kama swichi iko on, kompyuta ya gari inaandika. Haijui ni fundi, inafikiri ni ugonjwa." "Hiyo kosa ya sensa niliiandikisha mimi mwenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuita nyuma ya gari. Ulikataa."

"Baadaye, basi. Miaka tisa, Fundi! Ungekuja shuleni. Ungeileta hii katoni."

Alikaa juu ya visigino vyake akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mbele ya nani? Ya hao watoto wako? Mtu akinishuku, siku moja atarudi aangalie kama ni kweli mimi ni mwizi. Mtu akiaibishwa harudi. Nilitaka urudi."

"Sikurudi."

"Si uko hapa?"

Sikuwahi kuona aibu kama ile, na nimewaaibisha watu wengi maishani. Kwenye benchi la chai walikuwa wameketi madereva watatu, na mama wa kibanda, naye sasa amezeeka, alikuwa ameacha kukoroga sufuria yake. Fundi aliwaona wakitazama. Akajikongoja kusimama, akanishika kiwiko.

"Kuja nyuma ya gari, Mwalimu. Tuongee pole pole."

"Hapana," nikamwambia. "Nitasema hapa hapa."

Niliinama nikaiokota ile katoni. Nikaenda nayo mpaka kwenye benchi, nikainyanyua, nikawasomea yaliyoandikwa, na nikawaeleza ni nani aliyeyaandika, ni wapi ilikuwa imechomekwa, na ni nani aliyeisahau. Niliwaambia niliyoyasema kwenye bodi na kwenye mkutano wa wazazi, na kwamba yote yalikuwa uongo. Sauti ya gwarideni haikuja, nikasema kwa iliyokuwepo. Dereva mmoja, kijana ambaye bila shaka alikuwa bado shuleni siku zile, alivua kofia yake. Mama wa kibanda alisema, "Haiya!"

Niliporudi, Fundi alikuwa akipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. Alinitazama kwa macho yale yale ya kushuku niliyoyajua.

"Umesema ni nani alisahau hiyo katoni?"

"Ni mimi."

Akatikisa kichwa. Akaenda kwenye mtungi wa maji, akanawa mikono ambayo tayari ilikuwa safi, akarudi bila haraka.

"Ulisema ni nani?"

"Ni mimi, Fundi."

Akaichukua katoni mkononi mwangu, akaitandika chini pale pale ilipokuwa, akapiga magoti, akaendelea kuukaza ule waya.